UZI: Fremu ya mbao ya bustani ya kuzunguka ndani ya nyumba, kwa shiti moja ya plaiwudi

#1 Randa_Kavu

Wakuu, uzi huu ni wa kujenga bustani ya kuzunguka kwa mbao. Kifaa chenyewe ni ngoma iliyolala ubavu. Mimea 48 imepangwa kuizunguka ikitazama ndani, taa imekaa katikati na haizunguki, chini kuna karai la maji. Ngoma ikigeuka taratibu, kila mmea unapita majini mara moja kwa mzunguko na muda wote uko umbali uleule kutoka kwenye taa.

Ngoma hii haina ekseli. Ni pete mbili kubwa zilizounganishwa kwa mbao, zimekaa juu ya rola nne kama pipa lililolazwa kwenye magurudumu. Katikati pako wazi, kwa hiyo bomba la taa linapita bila kugusa chochote na waya haujisokoti. Ukiweka ekseli utalazimika kutafuta namna ya kupitisha umeme kwenye kitu kinachozunguka, na hapo unafuu wote unakwisha.

Vipimo vyote nahesabu kutoka KITOVU cha ngoma, si kutoka sakafuni. Sakafu hudanganya.

Pete: nusu kipenyo cha nje 450 mm, cha ndani 320 mm, unene 18 mm.
Nafasi kati ya pete mbili: 600 mm.
Mbao za vikombe: 12, kila moja 600 × 80 × 20 mm, uso wake wa ndani uko 345 mm kutoka kitovuni.
Rola: kipenyo 50 mm, mbili kila upande, pembe ya digrii 35 kutoka mstari wa wima.

Kutokana na hiyo pembe, umbali kati ya mistari miwili ya rola, ekseli kwa ekseli, ni 545 mm, na kitovu cha ngoma kinakaa 389 mm juu ya ekseli za rola. Andikeni namba hizo mbili ukutani, zitarudi mara nyingi.

Mahitaji:
- plaiwudi ya 9 mm, shiti moja ya 2440 × 1220
- mbao za 2 kwa 4 zilizopigwa randa (zinabaki 45 × 90): vipande 2 vya 760, 2 vya 700, 2 vya 570. Jumla ni mita 4 na kidogo
- mbao za 20 × 80, mita 7.2 bila kuhesabu upotevu
- kasta 2 zisizogeuka shingo, gurudumu 50 mm, kimo cha jumla 70 mm
- nondo laini ya 8 mm, urefu 800
- beringi 4 za namba 608 (tundu 8, nje 22, upana 7)
- tyubu kuukuu ya baiskeli, gundi ya mbao isiyoyeyuka majini, skrubu za 16 na 40 mm, bolti 4 za M10 za kuwa miguu

Pete nazieleza kwenye posti inayofuata, ndiko kazi iliko.

#2 Randa_Kavu

Ukikata pete nzima kutoka plaiwudi ya 18 mm utaacha mduara wa 640 mm katikati mara mbili, na hiyo ni plaiwudi nzito unayoilipia bila kuitumia. Badala yake kila pete inajengwa kwa vipande vya digrii 60, tabaka mbili za 9 mm.

Kipande kimoja kinatoka kwenye mstatili wa 450 × 175 mm. Shiti inatoa mistatili 5 kwa urefu na 6 kwa upana, jumla 30. Pete mbili zinakula 24. Sita zinazobaki ni za viegemeo vya nguzo na za rola. Pembeni mwa shiti unabaki utepe wa upana wa karibu 150 mm na mwingine wa 175, baada ya kutoa unga wa msumeno. Msitupe, karai lote linatoka humo.

Chora kipande cha kwanza kwa uangalifu, kikate, kisafishe kwa msasa, halafu kiwe kiolezo cha vingine 23. Bikari: papi nyembamba yenye msumari upande mmoja na matundu ya penseli kwenye 320, 345 na 450 mm. Ncha mbili za nje za kipande zinaachana kwa 450 mm kamili, sawa na nusu kipenyo. Zikipungua au kuzidi, kiolezo kina kosa.

Panga vipande sita vya chini juu ya sakafu iliyonyooka uliyoichora mduara wa 450. Paka gundi, halafu tabaka la juu lianze digrii 30 mbele, yaani kila kiungo cha juu kiangukie katikati ya kipande cha chini. Skrubu za 16 mm, sita kila kipande, tatu zikiingia kutoka juu na tatu kutoka chini. Zisiwe za 20, zitatokea upande wa pili na kuchana tyubu.

Ikikauka, rudisha bikari kitovuni, chora tena mstari wa 450 na utoe kwa tupa kila kinachozidi. Lengo ni tofauti isiyozidi 2 mm kuzunguka pete yote. Kisha vanishi mikono mitatu kwenye kingo zote. Ukingo wa plaiwudi hunywa maji kama sponji, na pete ikivimba sehemu moja inapata nundu ambayo rola itaipanda kila mzunguko.

#3 Kijiti

Asante mkuu. Swali la mvivu: kwa nini nisitengeneze pembe nane kwa msumeno wa mkono? Mikato minane iliyonyooka, hakuna jigsoo (msumeno wa umeme wa kukata mikunjo).

#4 Randa_Kavu

Kwa ngoma yenye ekseli, sawa. Kwa ngoma ya juu ya rola, hapana. Pembe nane yenye 450 mm kwenye kona ina 416 tu katikati ya ubavu. Hiyo ni tofauti ya 34 mm: ngoma itapanda na kushuka mara nane kila mzunguko, maji yatamwagika, na mota itakuwa inanyanyua kilo 20 badala ya kuzisukuma.

Kama huna jigsoo, msumeno mwembamba wa upinde unakata mkunjo wa 450 bila shida, ni mkunjo mpana. Ukingo wa ndani unaweza kuuacha umenyooka vipande vipande, rola haziugusi.

#5 Gia_Ndogo

Naomba niongezee stendi, maana ndipo watu hukosea wakidhani ngoma ndiyo ngumu.

Vipande viwili vya 700 vilale bapa sakafuni, kimoja kila mwisho. Hivi ndivyo vizingiti. Boriti mbili za 760 zisimame kwa ukingo juu yake, katikati ya kila boriti iwe 272.5 mm kutoka mstari wa kati wa stendi. Miguu ni bolti za M10 zinazotokeza 30 mm chini ya kizingiti. Hesabu: 30 + 45 + 90 = 165 mm hadi juu ya boriti. Kasta ya kimo cha 70 ina ekseli 45 mm juu ya bamba lake. Kwa hiyo ekseli iko 210 mm na kitovu cha ngoma kiko karibu 600 mm kutoka sakafuni.

Nguzo za 570 zisimame juu ya vizingiti, katikati, kwenye ukingo wa nje kabisa. Ndani kwa ndani kati ya nguzo ni 670 mm, ngoma ina 636. Unabaki na 17 mm kila upande. Usiziongeze "ili iwe salama", kwa sababu nguzo hizo ndizo zitakazobeba vizuizi vya pembeni.

Viegemeo vya nguzo: zile plaiwudi za ziada, kata kimshazari, kimoja kila upande wa nguzo. Bila viegemeo, nguzo ikisukumwa na ngoma itasogea na bomba la taa litapinda nayo.

Upande mmoja unafungwa kasta mbili. Upande wa pili ndio wa mota: nondo ya 8 mm ikipita kwenye vishikio vinne vya mbao ngumu vyenye tundu la 22 mm kwa beringi, na rola mbili za plaiwudi. Kila rola iwe na beringi kulia na kushoto, si mbali zaidi ya 30 mm. Ukiweka beringi mbili tu kwenye miisho, nondo ya 8 mm itajipinda katikati na rola zitaegama.

Rola zenyewe: duara tatu za 46 mm zilizogundishwa (27 mm upana), zivikwe tyubu ya baiskeli mikunjo miwili. Pima baada ya kuvika. Ikiwa 52 badala ya 50, nyanyua kasta za upande wa pili kwa washa au kubali kuwa ngoma imesogea milimita moja kando, haina madhara. Lakini rola mbili za nondo moja lazima zilingane ZENYEWE KWA ZENYEWE. Moja ikiwa 50 na nyingine 51, pete moja inataka kwenda haraka kuliko mwenzake na ngoma nzima inaanza kujinyonga.

#6 Bi_Kitalu

Mmeeleza mbao vizuri. Sasa mimea. Kikombe kikiwa juu kabisa kimepinduka: majani yanatazama chini, mizizi juu. Kinachoshikilia kikombe ni nini? Na ndani ya kikombe mmeweka nini? Kokoto za udongo zitamwagika zote kwenye taa mzunguko wa kwanza.

#7 Randa_Kavu

Kweli dada, nimeruka.

Tundu la 48 mm kwa kikombe cha matundu chenye mdomo wa kama 55 na kimo cha 60. Matundu manne kila ubao, kwenye 90, 230, 370 na 510 mm kutoka mwisho mmoja. Kikombe kinaingizwa kutoka ndani ya ngoma, kwa hiyo mdomo unakaa upande wa taa na kitako kinatokeza nje. Kufunga: skrubu mbili fupi pembeni mwa tundu, na mkanda wa tyubu ya baiskeli wa upana wa 10 mm unaovutwa juu ya mdomo. Mikanda miwili kwa kikombe, kila mmoja upande wake, katikati wazi kwa shina. Ni rahisi kubadilisha kuliko kipande cha mbao cha kuzungusha, ambacho hulegea kikilowa.

Kabla ya kufunga ubao kwenye pete: kata tundu, paka vanishi, PIA ndani ya tundu. Na msitumie mbao zilizotiwa dawa ya shaba na arseniki dhidi ya mchwa, hizi mbao zinalowa maji na ziko kwenye chakula.

#8 Bi_Kitalu

Haya. Ndani ya kikombe basi iwe sponji ya kuoteshea miche, ya 50 mm, imepasuliwa hadi katikati. Inashika shina yenyewe. Sufi ya mawe nayo inafaa. Makumbi ya nazi yanafaa tu kama umeyafunga kwenye wavu, vinginevyo vumbi lake linajaa karaini. Udongo hapana kabisa.

Mimea inayofaa ni ile mifupi: saladi, rehani, giligilani, spinachi changa, stroberi. Kutoka uso wa ubao hadi taa hamna zaidi ya sentimita 32, na majani yakikaribia taa yanaungua. Nyanya na pilipili za kawaida zitafika katikati kabla hazijachanua.

#9 Kijiti

Ubao unafungwaje kwenye pete? Skrubu kutoka nje ya pete kuingia kwenye kichwa cha ubao?

#10 Gia_Ndogo

Hiyo ndiyo njia ya haraka na ndiyo inayolegea. Skrubu iliyoingia kwenye kichwa cha ubao imefuata nyuzi, haishiki. Ikilowa na kukauka mara kwa mara inazunguka bure.

Weka kibao cha 80 × 25 × 40 mm kwenye uso wa ndani wa pete, gundi na skrubu mbili kutoka nje. Kikae kati ya 320 na 345, yaani upande wa taa wa ubao, halafu ubao uufunge juu yake kwa skrubu mbili zinazovuka nyuzi. Kwa nini upande wa taa? Kwa sababu ukikiweka upande wa nje kitagonga ukuta wa karai kinapopita chini. Vibao 24 kwa jumla, tumia mabaki.

Kugawa pete sehemu 12: bikari ya 450, tembeza kwenye mzingo mara sita inarudi pale pale ilipoanza, kisha gawa kila sehemu mara mbili. Pete zote mbili zigawanywe zikiwa zimebanwa pamoja, ndipo ubao namba 1 wa huku utazamane na namba 1 wa kule. Zikipishana hata 5 mm mbao zote zinakaa mshazari.

#11 Mlinzi_wa_Maji

Karai. Namba zenu zinatosha kulihesabu, basi nalihesabu.

Uso wa ndani wa ubao uko 345, kikombe 60, kitako cha kikombe kiko 405 kutoka kitovuni. Uso wa nje wa ubao uko 365. Ukuta wa karai usipande kuvuka usawa wa 375 chini ya kitovu, la sivyo ubao unagonga. Sakafu ya ndani ya karai iwe 445 chini ya kitovu. Kwa hiyo kuta ni za 70 mm. Maji yafike 390 chini ya kitovu: kina cha 55 mm, na kitako cha kikombe kinazama 15 mm kinapopita.

Upana wa ndani 400 mm. Kikombe kinavuka usawa wa ukingo wa karai kikiwa 153 mm kutoka mstari wa kati, kwa hiyo 306 ingetosha kwa kikombe kitupu. Nafasi iliyobaki ni ya mizizi inayoburuta. Urefu wa nje 580, unabakiza 10 mm kila upande mpaka kwenye pete.

Sakafu: vipande vitatu vya 580 kutoka ule utepe wa 150, viungane upana, kata 418. Kuta: mbili za 580 na mbili za 400 kutoka utepe wa 175. Plaiwudi yote imetoka kwenye shiti ileile. Ndani tandika nailoni nzito kipande kimoja bila kukata kona. Kunja kona kama bahasha na uifunge nje ya ukuta. Silikoni peke yake kwenye kona za plaiwudi ya 9 mm haidumu, mbao inacheza.

Karai linakaa juu ya papi mbili zilizofungwa kati ya boriti, uso wa papi 19 mm chini ya uso wa boriti. Ujazo: lita 12 na kidogo.

Jambo moja mtakalolijutia msipolifanya sasa: karai likishakaa kati ya pete haliwezi kutoka bila kuondoa ngoma. Weka bomba la kutolea maji kwenye sakafu yake kabla ya kuliingiza, na mpira unaofika nje ya stendi. Na mviringishe ukingo wa juu wa kuta ndefu kwa mpira uliopasuliwa, mizizi inapita hapo kila mzunguko na ukingo mkali unaikata.

#12 Bi_Kitalu

Mizizi ikizidi sentimita 6 nje ya kikombe itafika kwenye ile nondo ya mota. Inajisokota humo. Ipunguzeni kwa mkasi mapema.

Maji hayo lita 12 yapigwe kifuniko pale pasipopita vikombe. Karai lililo wazi chini ya taa saa 16 ni shamba la mwani. Pembeni kushoto na kulia weka vipande vya plastiki nyeusi, hadi karibu na njia ya vikombe.

#13 Kijiti

Taa je? Tyubu nne za LED za sentimita 60, wati 10 kila moja, kwenye mti wa katikati. Zinatosha?

#14 Bi_Kitalu

Zinatosha miche tu. Hesabu ya ngoma: uso wa ndani ni 2 × 3.14 × 0.345 × 0.6, karibu mita za mraba 1.3. LED nyeupe za kawaida tuseme zinatoa maikromoli 1.5 (kipimo cha mwanga ambao mmea unautumia) kwa kila juli ya umeme. Wati 40 ni maikromoli 60 kwa sekunde, ugawe kwa 1.3, unapata 46 kwa mita ya mraba. Hiyo ni kivuli.

Ukiweka wati 72 unapata 83 usawa wa ubao, na majani yakishafika sentimita 20 kutoka kitovuni yanapata kama 140, kwa sababu mwanga uleule unaangukia eneo dogo zaidi. Kwa saa 16 hiyo ni moli 8 kwa siku. Saladi inapenda 12 hadi 17. Itakua, polepole. Rehani italalamika.

Uzuri wa ngoma ni kwamba mwanga mchache tu unaangukia ukuta au sakafu, kila upande wa taa kuna mmea. Ndiyo maana wati chache zinafika mbali. Lakini siyo wati 40.

#15 Gia_Ndogo

Kwa wati 72 usitumie mti, tumia bomba la alumini la 50 mm na tepe sita za LED za 60 cm, wati 12 kila moja, zimegundishwa kuzunguka bomba. Bomba ndilo linalopoza. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 ipulize ndani ya bomba kutoka mwisho mmoja; bila feni gundi ya tepe inalainika na zinaanguka juu ya mimea. Miisho ya bomba ikae kwenye nguzo ndani ya tundu kubwa kuliko bomba, lishikwe na skrubu tatu, hewa ipite kati ya bomba na mbao.

Kila kitu ndani ya fremu kiwe cha volti 12. Adapta ikae juu kuliko karai, waya wake ushuke chini ya kifaa kwanza kabla ya kupanda kwenda kwenye adapta ili tone la maji lisifuate waya hadi ndani. Soketi iwe na kikata umeme cha uvujaji. Naona watu wanapendekeza mota ya sahani ya maikrowevu, nyingi zinatumia umeme wa ukutani moja kwa moja. Maji lita 12 chini yake. Hapana.

#16 Msasa_120

Mota hiyo ya maikrowevu ina shida nyingine: inaanza kuzunguka upande wowote, na inatoa mizunguko 5 au 6 kwa dakika. Kwa rola ya 50 na pete ya 900 uwiano ni 18, ngoma ingemaliza mzunguko kwa dakika tatu na nusu. Mwendo huo unatikisa maji. Unataka dakika 45 hivi, au siyo?

#17 Gia_Ndogo

Ndiyo mkuu. Dakika 45 maana yake rola igeuke mara 0.4 kwa dakika. Tafuta mota ya DC ya volti 12 yenye gia ya skrubu, mizunguko 0.4 hadi 1. Ya mzunguko 1 inatoa dakika 18, bado ni sawa. Mimea haina haraka wala haichukii haraka ya kiasi hicho. Kwa kasi ya dakika 45 kila kikombe kinakaa majini karibu dakika 4, kwa sababu kinazama kwenye digrii 31 tu za mzunguko. Mbao zimeachana digrii 30, kwa hiyo karibu muda wote kuna vikombe vya ubao mmoja majini.

Nguvu ya mota ndipo hesabu inahitajika. Ngoma ikiwa imesawazika, mtoto anaigeuza kwa kidole. Inapokosa usawa ndipo kazi. Tuseme umevuna nusu ya ngoma na nusu nyingine ina saladi 24 za gramu 350 pamoja na kikombe chenye maji. Hizo ni kilo 8.4 upande mmoja, kitovu cha uzito wake kiko kama 0.23 m kutoka katikati: nyutoni mita 19 kwenye ngoma. Kwenye rola inakuwa 19 gawa 18, zaidi ya 1 kidogo. Chukua mota ya 2 hadi 3, zile zinazoandikwa kilo-sentimita 20 au 30.

Gia ya skrubu kwa sababu mzigo hauwezi kuirudisha nyuma. Gia za kawaida zikizimwa, upande mzito unashuka chini kwa kishindo na kukaa majini usiku kucha.

#18 Msasa_120

Na mota ikiwa na nguvu, rola haitateleza?

#19 Gia_Ndogo

Itateleza, hilo ndilo tatizo nambari moja la ngoma hizi na mota husingiziwa bure. Ngoma iliyojaa ni kama kilo 20. Kila mstari wa rola unabeba nyutoni 120. Mpira mkavu juu ya vanishi unashika kama nusu ya hiyo, 60. Lile tatizo la nusu ya ngoma linahitaji 42 kwenye mzingo. Inatosha. Mpira ukilowa unashika robo tu, 30. Haitoshi. Mota inazunguka, rola inazunguka, ngoma imesimama.

Dawa si kukaza chochote. Dawa ni maji yasifike kwenye pete: ubao uwe na mfereji mdogo upande wa nje, 20 mm kutoka kwenye kila pete, msumeno mmoja kina cha 3 mm, tone likifika hapo linadondoka badala ya kutembea hadi kwenye pete. Pili, mzingo wa pete uupige msasa wa 120 juu ya vanishi, usiwe wa kung'aa. Tatu, pandeni na kuvuna mbao zinazotazamana: 1 na 7, 2 na 8, 3 na 9.

#20 Kijiti

Ngoma inatembea kando. Mizunguko minne tayari imegusa nguzo. Pima maji inasema stendi imelala sawa.

#21 Randa_Kavu

Pima maji haioni tatizo hilo. Ngoma haitembei kwa sababu ya mteremko, inatembea kwa sababu rola hazilingani mwelekeo. Kasta moja ikiwa imegeuka nusu digrii inaisukuma pete kando kila inapogeuka, kama parafujo.

Pima mishazari: kutoka kasta ya mbele hadi rola ya mota ya nyuma, na kinyume chake. Ziwe sawa ndani ya 1 mm. Kisha legeza kasta moja, igeuze kidogo sana, kaza, tia alama ya penseli kwenye ukingo wa pete ukilinganisha na nguzo, zungusha mara tatu kwa mkono na uangalie imeenda wapi. Matundu ya skrubu za kasta yafanye marefu kama yai ili uwe na nafasi ya kurekebisha. Mota usiifunge hadi ngoma ikae ndani ya 3 mm kwa mizunguko mitatu.

Hata hivyo haitakaa daima, mbao hucheza. Kwa hiyo kwenye kila nguzo weka kizuizi: beringi ya 608 iliyolala bapa, ikielekea uso wa pete karibu na mzingo, kwa mwanya wa 2 mm. Kipande cha nailoni kigumu kinafaa pia. Kipande cha mbao kinatafuna pete.

#22 Kijiti

Mishazari ilitofautiana 6 mm. Nimerekebisha, sasa inatulia. Swali la mwisho: umeme ukikatika saa nyingi? Gia ya skrubu haigeuki kwa mkono.

#23 Gia_Ndogo

Ndiyo maana mota isiungwe na nondo kwa chuma. Unganisha kwa kipande cha mpira mzito wa maji, 50 mm, na kibano cha skrubu kila upande. Mpira unasamehe mota isiyonyooka na nondo, na umeme ukikatika unalegeza kibano kimoja tu.

Kabla ya kulegeza, pitisha kijiti kwenye tundu la nguzo hadi kwenye tundu la pete (toboa matundu 12 ya 8 mm kwenye pete moja, moja kwa kila ubao). Ukilegeza bila kijiti, upande mzito unageuka wenyewe na vidole viko karibu. Kijiti kikishaingia na kibano kimelegezwa, unakitoa, unasogeza ubao mmoja, unakirudisha. Sponji ya 50 mm iliyolowa vizuri, taa zikiwa zimezima, inavumilia saa kadhaa. Sogeza ubao mmoja kila dakika 10 na ndani ya saa mbili ngoma yote imekunywa.

#24 Bi_Kitalu

Na umeme ukirudi, kaza kibano kwanza, toa kijiti, ndipo uwashe mota. Ukisahau kijiti, kitakachovunjika si kijiti, ni ile mbao ya kishikio cha beringi.